Kiti cha Uhura

Mtu wa kwanza kuongea Kiswahili ndani ya Star Trek alikuwa zimwi. Huo si mzaha. Tarehe 8 Septemba 1966, stesheni ya NBC ya Marekani ilirusha sehemu ya kwanza ya mfululizo huo, iliyoitwa "The Man Trap". Ndani yake kuna kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi miilini mwa watu, na kila anayekitazama huona sura inayotoka kichwani mwake mwenyewe. Daktari wa meli anamwona mpenzi wake wa kitambo. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, anamwona mwanamume mweusi mtanashati anayemsemesha kwa Kiswahili. Matamshi yenyewe yangemfanya mwalimu wako wa Kiswahili wa kidato cha pili ashike kichwa, lakini Kiswahili ni Kiswahili, na Uhura anakielewa.

Tukio lenyewe ni la muda mfupi tu. Lugha yetu inapita pale kama mgeni aliyekuja kusalimia bila hata kuvua viatu, kisha inaondoka na stori inaendelea kwa Kiingereza.

Wageni wa namna hiyo ndio ninaotaka tuwafuate leo. Star Trek imetajwa, imeigizwa, imechekwa na imeibwa na hadithi nyingine kuliko karibu mfululizo wowote wa bunilizi za kisayansi. Kila anayeikopa huingia ndani ya ile meli akachagua mtu mmoja wa kumwangalia kwa karibu. Ukifuata ni nani amechaguliwa, mwaka baada ya mwaka, unapata historia fulani: nani alionekana ana thamani ya kusimuliwa, na nani aliachwa ameketi kimya kwenye kiti chake. Na kwa sababu mmoja wa walioketi pale alibeba neno letu kama jina, hii historia inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Neno lililosafiri

Kama hujawahi kuitazama, mambo ni haya. Karne ya 23, meli ya anga iitwayo Enterprise inazunguka kutafuta sayari na viumbe vipya. Nahodha ni James Kirk. Msaidizi wake ni Spock, ambaye mama ni binadamu na baba ni wa sayari ya Vulcan. Kuna Daktari McCoy, mhandisi Scott, Sulu anayeendesha meli, Chekov aliyejiunga baadaye, na Uhura. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, alitaka kuonyesha dunia ambayo watu wa rangi zote wanafanya kazi kwenye chumba kimoja. Mwaka 1966, Marekani ikiwa bado inapigania haki za watu weusi, hilo halikuwa jambo dogo.

Jina la Uhura lina historia yake. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba siku alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amebeba riwaya iitwayo Uhuru, ya Robert Ruark, iliyotoka 1962. Roddenberry alilipenda neno hilo, akabadilisha herufi ya mwisho ili lisikike laini, lisikike la kike.

Hapo kuna mambo mawili ambayo Mkenya hawezi kuyapita hivi hivi. La kwanza ni kwamba Ruark alikuwa Mmarekani mpenda kuwinda, aliyeandika juu ya Kenya na Mau Mau kwa jicho lililokaa upande wa walowezi. Yaani neno ambalo watu walilifia msituni lilifika Hollywood likiwa limebebwa na kitabu cha mtu ambaye hakuwa na furaha sana na maana yake. La pili ni hiyo herufi ya mwisho. Kiswahili hakijui jinsia kwenye nomino. Hatuna "uhuru" wa kiume na "uhura" wa kike. Masikio ya Kizungu ndiyo yanayosikia mwanamke kwenye "a", kama Maria au Julia. Neno likavalishwa gauni ambalo halikuliomba.

Hata hivyo lilifika. Chini ya miaka mitatu baada ya Desemba 1963, neno la bendera yetu lilikuwa linatamkwa kila wiki kwenye sebule za Marekani. Na mwaka 1967, katika sehemu iitwayo "The Changeling", mashine moja inamfutia Uhura kumbukumbu zake zote. Anapofundishwa kusoma upya, akikwama kwenye Kiingereza, Kiswahili ndicho kinachomtoka mdomoni. Waandishi walikuwa wameelewa kitu: lugha ya kwanza hukaa chini kabisa, mahali ambapo mashine haifiki.

Kila mtu anataka kiti cha nahodha

Mfululizo ulikatizwa 1969 baada ya misimu mitatu na sehemu 79. Ungekufa hapo. Ila marudio kwenye stesheni ndogo ndogo yaliuletea mashabiki wengi kuliko wa mwanzo, na hapo ndipo wengine wakaanza kukopa.

Waturuki walikuwa mbele. Mwaka 1973, mwigizaji Sadri Alışık alitoka na Turist Ömer Uzay Yolunda. Ömer ni mhuni mpole aliyekuwa ameshazunguka kwenye filamu kadhaa za ucheshi. Safari hii yuko katikati ya harusi ya kulazimishwa, mara miale inamnyakua na kumtupa angani, kwenye meli ya Kirk na Spock wa Kituruki. Hakuna aliyeomba ruhusa Hollywood. Na hadithi waliyoichukua ni ile ile ya "The Man Trap", zimwi la chumvi. Filamu rasmi ya kwanza ya Star Trek ilikuja 1979, miaka sita baadaye. Istanbul iliwatangulia wenye mali.

Mwaka huo huo wa 1973, huko Marekani, Paula Smith aliandika kihadithi kifupi sana kwenye jarida la mashabiki. Alikuwa amechoka na hadithi za mashabiki ambamo msichana mmoja anaingia Enterprise, kila mtu anampenda, anajua kila kitu, kisha anakufa kishujaa huku Kirk na Spock wakilia. Akambuni Luteni Mary Sue, mdogo kuliko maafisa wote, miaka 15 na nusu. Leo neno "Mary Sue" limeenea mpaka watu wanalitumia bila kujua kwamba lilitoka kwenye mzaha kuhusu Star Trek. Lakini jiulize wale wasichana walikuwa wanaandika nini hasa. Walikuwa wanatafuta mahali pa kukaa. Kwenye meli yenyewe, kiti cha mwanamke kilichokuwa kinaonekana kila wiki kilikuwa kimoja, na kazi yake ilikuwa kupokea simu.

Mei 1976, kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kikaigiza safari ya mwisho ya Enterprise. John Belushi ni Kirk, Chevy Chase ni Spock. Bosi wa stesheni anaingia melini na kutangaza kwamba kipindi kimefutwa. Mafundi wanaanza kubomoa mandhari. Spock, ambaye hana hisia, analia. Kirk anabaki kwenye kiti chake akikataa kuondoka. Kinachochekesha zaidi ni kwamba kichekesho hicho kilirushwa na NBC, ile ile iliyofuta kipindi chenyewe.

Miaka kumi baadaye, Desemba 1986, William Shatner, Kirk mwenyewe, alialikwa kwenye kipindi hicho. Kwenye igizo moja anawageukia mashabiki waliojaa kwenye kongamano na kuwafokea waende wakaishi maisha yao, kwani kile walichokuwa wakiabudu kilikuwa kipindi cha runinga tu. Watu walicheka, na wengine waliumia. Shatner baadaye alikifanya kile kicheko kuwa jina la kitabu.

Unaona mtindo? Kwa miaka hii yote, anayekopa anaangalia sehemu mbili tu: kiti cha nahodha, na mashabiki wanaokitamani. Wengine melini ni mapambo.

Kazi ya kurudia maneno

Mwaka 1993 kuna kituo kifupi cha burudani. Katika sehemu ya The Simpsons iitwayo "Marge vs. the Monorail", tapeli mwenye ulimi wa asali anauzia mji mdogo treni ambayo hauihitaji, na kwenye uzinduzi mgeni wa heshima ni Leonard Nimoy, Spock mwenyewe, akijiigiza. Waliombwa kwanza George Takei, yule Sulu, akakataa. Aliwahi kukaa kwenye bodi ya usafiri wa umma kusini mwa California na hakutaka kuukejeli. Wewe unayekaa Nairobi, ambaye umesikia ahadi za usafiri tangu uzaliwe, utamheshimu Takei, lakini utacheka na Nimoy.

Kazi iliyobadilisha mambo ilikuja 1999: filamu ya Galaxy Quest. Waigizaji wa mfululizo wa zamani wa anga, waliochoka na wasiopatana, wanajipatia riziki kwa kusaini picha na kufungua maduka. Halafu wageni kutoka sayari nyingine wanawajia kuomba msaada, kwa sababu hawajui maana ya kuigiza. Wameona matangazo ya kipindi yaliyofika angani na kudhani ni kumbukumbu za kihistoria. Wamejenga meli nzima kwa kufuata kile walichokiona kwenye skrini, mpaka vitufe.

Sigourney Weaver anaigiza Gwen, ambaye kwenye kile kipindi cha zamani kazi yake ilikuwa moja: kompyuta ikisema kitu, yeye anakirudia. Melini, maisha ya watu yakiwa hatarini, bado anarudia. Mwenzake anamwambia anaudhi. Gwen anamjibu kwa ukali kwamba kazi ni ya kijinga, lakini ndiyo kazi pekee aliyo nayo na ataifanya.

Mstari huo ulikuwa wa Uhura. Nichols alilalamika miaka mingi kwamba maneno yake yalikuwa yakikatwa kwenye maandishi hadi anabaki kutangaza kwamba masafa ya mawasiliano yamefunguliwa. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi. Kwa simulizi lake mwenyewe, alikutana na Martin Luther King kwenye hafla, King akamwambia asithubutu, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu weusi walikuwa wanajiona kwenye wakati ujao. Akabaki.

Galaxy Quest ililiona hilo donda na kulicheka kwa upendo. Ila tazama kilichotokea njiani: donda la mwanamke mweusi lilipopata wakili kwenye filamu, wakili huyo alikuwa mwanamke mzungu mwenye nywele za dhahabu. Kicheko kilibaki na mwenyewe akatolewa. Sidhani kuna aliyekaa chini akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwenyewe aliendelea kujitokeza. Mwaka 2002, katuni ya Futurama iliwakusanya Shatner, Nimoy, Nichols, Takei na Koenig wakiigiza sauti zao wenyewe, vichwa vyao vikihifadhiwa kwenye mitungi ya kioo. Katika hadithi hiyo Star Trek imekuwa dini, dini ikapigwa marufuku, na kanda zote 79 zimerushwa angani, ambako kiumbe kimoja cha nishati kimezitazama mpaka kikawa shabiki mwenye wivu. James Doohan, yule Scott, hakushiriki, basi waandishi wakambuni mhandisi mbadala anayeitwa Welshy na kumuua mapema. Welshy maskini ni kichekesho kinachohitaji maelezo.

Wasio na majina

Mashabiki waligundua mapema kwamba kwenye Enterprise, wakishuka kwenye sayari ngeni nahodha, Spock, daktari, na kijana mmoja wa shati jekundu ambaye hujawahi kumwona, huyo kijana harudi. Shati jekundu lilikuwa la walinzi na wahandisi. Ikawa methali ya watazamaji: ukivaa nyekundu, andika wosia. Sasa kumbuka, Uhura naye alivaa nyekundu.

Katika Galaxy Quest yumo jamaa anayeitwa Guy, aliyewahi kuigiza mtu wa kufa kwenye sehemu moja tu. Wanapofika angani kweli kweli anaanza kutetemeka. Ushahidi wake kwamba atakufa ni mmoja: mhusika wake hana jina la ukoo. Msee asiye na jina kamili hafiki mwisho wa hadithi.

Mwaka 2012 John Scalzi aliandika riwaya nzima juu ya hofu hiyo, Redshirts. Maafisa wapya kwenye meli Intrepid wanaona wenzao wanakufa kwa njia za kipuuzi kila wakitoka na wakubwa. Wanapochunguza wanagundua kwamba maisha yao yanatawaliwa na kipindi kibovu cha runinga, kilichoandikwa na watu wavivu wanaoua mtu kila kabla ya tangazo la biashara. Wanaamua kwenda kuwatafuta waandishi wao. Mwaka uliofuata riwaya hiyo ikapata tuzo ya Hugo.

Mtu asiye na jina kamili. Hebu tulishike hilo. Kirk alikuwa James tangu mwanzo. Sulu alipata jina la Hikaru kwenye riwaya ya Vonda McIntyre ya 1981, The Entropy Effect, na kwenye filamu likatamkwa 1991. Uhura alipewa jina Nyota na mwandishi William Rotsler, kwenye kitabu cha wasifu wa wahusika, 1982. Kwenye skrini tulilisikia lini? Mwaka 2009, katika filamu ya J.J. Abrams, Zoe Saldana akiwa Uhura. Kirk anahangaika filamu nzima kutaka kulijua, na analisikia Spock akilitamka.

Miaka 43. Mwanamke alikaa kwenye chumba cha uongozi cha meli maarufu kuliko zote, amevaa nyekundu, akiwa na jina moja kama Guy. Na jina la pili, ambalo ni neno zuri la Kiswahili ambalo kila mtoto wa chekechea anaweza kulionyesha kwa kidole usiku, lilitoka nje, kwa watu walioandika pembeni ya hadithi kuu. Hapo ndipo faida ya kukopa inaonekana. Walioandika pembeni walijaza pengo ambalo wenye hadithi waliliacha wazi, kisha wenye hadithi wakalirudisha ndani.

Nahodha mshtakiwa

Desemba 2017, Black Mirror ilitoa "USS Callister". Robert Daly ni fundi mkuu kwenye kampuni ya michezo ya kompyuta, mtu anayedharauliwa ofisini. Nyumbani ana mchezo wake wa siri, nakala ya mfululizo wa zamani anaoupenda, unaofanana na Star Trek mpaka rangi za sare. Wahusika wake ni nakala hai za wafanyakazi wenzake, alizozitengeneza kutokana na chembe za miili yao. Ndani ya meli hiyo yeye ni nahodha, na asiyemtii hupata adhabu ambayo mungu pekee ndiye anayeweza kuitoa.

Mmoja wa waliofungwa humo ni Shania, anayeigizwa na Michaela Coel, Mwingereza ambaye wazazi wake walitoka Ghana. Mwanamke mweusi, sare ya miaka ya 60, kwenye chumba cha uongozi: huhitaji kuambiwa ameketi kwenye kiti cha nani. Daly anapotaka kuwaadhibu wenzake, anamgeuza Shania kuwa zimwi.

Ndiyo maana naihesabu kazi hiyo kuwa muhimu kuliko vichekesho vyote vilivyotangulia. Mwaka 1966 zimwi lilivaa sura ya mtu mweusi na kuongea lugha yetu ili limfikie Uhura. Mwaka 2017, mtu aliyekaa kiti cha nahodha ndiye anayemvika mwanamke mweusi sura ya zimwi, na hadithi inatuambia wazi kwamba kosa ni lake. Kiti ambacho Belushi alikataa kukiacha kwa mzaha, sasa aliyekikalia anashtakiwa.

Star Trek yenyewe ilisikia. Mwaka 2020 ilitoa Lower Decks, katuni ya ucheshi juu ya maafisa wa chini kabisa wa meli isiyo muhimu, na kinara wao, Mariner, ni mwanamke mweusi. Kicheko kilichoanzia nje kimekuwa chakula cha nyumbani.

Mgeni anaporudi

Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani, aliruka na chombo cha Endeavour Septemba 1992. Alimtazama Uhura akiwa mtoto. Mwaka 1993 alionekana kwa muda mfupi ndani ya Star Trek: The Next Generation, akiigiza afisa wa kawaida. Mtu halisi aliyeumbwa kwa sehemu fulani na hadithi akaingia ndani ya hadithi kusalimia.

Mei 2022 ulianza mfululizo wa Strange New Worlds, na Uhura wake, Celia Rose Gooding, ni kijana aliyetoka Kenya. Anasema hivyo mwenyewe. Nichols alifariki Julai mwaka huo huo.

Sasa tuko kwenye hadithi rasmi, na jina la nchi limetajwa. Tufurahi? Tufurahi. Ila tukumbuke ni nani aliyetutaja. Mpaka hapa, katika kazi zote nilizozihesabu, Kenya na Kiswahili ni vitu vinavyochukuliwa: neno kutoka kwa riwaya ya mwindaji, sentensi mdomoni mwa zimwi, asili ya mhusika. Waturuki mwaka 1973 hawakungoja kutajwa. Walichukua meli nzima, wakampandisha mhuni wao ndani, akaanza kuwasumbua Kirk na Spock kwa Kituruki.

Huku kwetu kazi imeanza kwa njia nyingine. Mwaka 2009, mwaka ule ule Uhura alipopata jina kwenye skrini, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi juu ya dunia isiyo na maji baada ya vita. Asha, mwanamke anayefanya kazi kwenye jumba la makumbusho, anatoroka na kwenda kupanda mbegu jangwani. Haimtaji Kirk, haihitaji. Asha ana jina kuanzia mwanzo na uamuzi ni wake.

Bado sijasoma hadithi ambayo mtu wetu anaingia kwenye ile Enterprise ya 1966, anavuta kiti, anakaa kando ya Uhura, na wanapiga stori kwa Kiswahili kinachoeleweka. Amuulize nani alimpa jina lenye "a". Amuulize nyumbani ni wapi, na kama huko angani bado kuna mtu anayejua kupika chapati. Amuulize alihisi nini siku ile jamaa mtanashati alipomsemesha kwa lugha ya kwao, kabla hajajua ni zimwi. Nani ataiandika?